Korongo na Makorongo: Safari Yangu katika Mto Yangtze

Waswahili walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii niliikariri tangu nikiwa shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kutuzwa alama, ilhali sikuwa nimewahi kukanyaga chombo chochote chenye tezi wala omo. Mimi ni mzaliwa wa bara, Ukambani, ambako kuteka ndoo moja ya maji wakati wa kiangazi kwaweza kuwa safari ya nusu siku. Ilinibidi nisafiri hadi Uchina na kupanda meli katika mto wa watu wengine, ndipo nitambue ngama yangu ilikuwa wapi. Makala haya ni masimulizi ya safari hiyo. Ni maungamo pia ya kosa nililolitenda nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili, kama wewe unayeyasoma.

Mwaka wa 2012 nilipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili mjini Beijing. Huenda baadhi ya wasomaji hawajui kwamba Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya mji huo tangu miaka ya 1960, na kwamba Redio ya Uchina ilianza kutangaza kwa lugha yetu mwaka wa 1961. Basi, sambamba na masomo yangu, niliombwa kuwasaidia wanafunzi wa Kichina katika mazungumzo ya Kiswahili mara mbili kwa wiki. Walikuwa vijana wenye bidii ya mchwa. Upatanisho wao wa kisarufi ungewaaibisha wengi wetu tuliozaliwa katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa. Kijana mmoja miongoni mwao, mwenyeji wa Chongqing, alinijia siku moja baada ya kipindi akaniambia, "Mwalimu, wewe umeona Beijing tu. Beijing si Uchina yote. Likizo ya Oktoba twende kwetu, nikuonyeshe mto."

Mto aliousema ni ule ambao walimwengu huuita Yangtze na Wachina wenyewe huuita Chang Jiang, yaani Mto Mrefu. Jina hilo halina mbwembwe, unastahili. Chimbuko lake liko katika uwanda wa juu wa Tibet, nao husafiri takriban kilomita 6,300 hadi kumwaga maji yake baharini karibu na Shanghai. Ukiacha Nile na Amazon, hakuna mto duniani unaoushinda kwa urefu. Mto wetu Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, una takriban kilomita 1,000 pekee. Mahali panaposifiwa zaidi katika Yangtze ni pale unapopenya katikati ya milima baina ya Fengjie na Yichang, kwenye makorongo matatu: Qutang, Wu na Xiling.

Hapa yafaa nisite kidogo, maana nina hakika mwanaisimu fulani amekwisha kulikodolea macho neno *korongo*. Katika lugha yetu neno hilo lina sura mbili. Likiwa katika ngeli ya A-WA, ni ndege mwenye miguu na shingo ndefu. Likiwa katika ngeli ya LI-YA, ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, lenye kuta ndefu pande zote mbili. Nilikuwa nimelifundisha neno hili darasani kama mfano wa homonimu, na wanafunzi wangu wakaliandika madaftarini. Sikujua kwamba safari ile ingenikutanisha na korongo wote wawili.

Korongo wa kwanza nilikutana naye Fuling, mji ulio kando ya mto chini ya Chongqing, ambako tulipita kabla ya kupanda meli. Pale kuna mwamba mrefu wa kiasi cha mita 1,600 uitwao Baiheliang, yaani mgongo wa korongo mweupe. Zamani mwamba huo ulikuwa umelala majini, ukichomoza tu wakati wa kipwa kikubwa cha majira ya baridi. Tangu mwaka wa 763 watu walichonga samaki na maandishi juu yake ili kuweka kumbukumbu ya jinsi maji yalivyoshuka. Jicho la samaki lilikuwa kipimo. Wenyeji waliamini kwamba samaki hao wakionekana, mavuno ya mwaka unaofuata yatakuwa mema. Kwa zaidi ya miaka 1,200, kizazi baada ya kizazi kiliongeza tarehe, vipimo na hata mashairi kwenye jiwe lile.

Bwawa kubwa lilipojengwa upande wa chini wa mto, mwamba huo ulizama moja kwa moja. Wachina waliujengea makumbusho papo hapo ulipo, chini ya maji, yakafunguliwa mwaka wa 2009. Tuliteremka kwa ngazi za umeme kiasi cha mita 40 hivi, tukafika kwenye ushoroba wenye madirisha madogo ya duara kama ya nyambizi. Nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Maji yalikuwa ya kijani na yenye vumbivumbi. Baada ya muda macho yalizoea, nikaona herufi, kisha mkia wa samaki wa mawe. Mwanafunzi wangu aliniuliza kama nimemwona. Nilimjibu kuwa nimemwona. Sikumwambia kwamba wakati ule nilikuwa nikimfikiria nyanya yangu.

Tulirejea Chongqing na kupanda meli jioni kwenye gati la Chaotianmen, mahali ambapo mto Jialing hujiunga na Yangtze. Ilikuwa meli ya ghorofa kadhaa, yenye vyumba, ukumbi wa chakula na sitaha pana ya kutazamia. Abiria wengi walikuwa Wachina waliokuwa likizoni. Mgeni mweusi nilikuwa peke yangu, na nikapigwa picha nyingi kuliko milima. Usiku ule tuliteremka na mto huku taa za mji zikififia nyuma yetu. Asubuhi tulipoamka, pande zote palikuwa na vilima vya michungwa, miji mipya ya ghorofa nyeupe na, hapa na pale ukingoni, mabango yenye tarakimu za mita. Tarakimu iliyojirudia zaidi ilikuwa 175.

Niliuliza maana yake. Mwanafunzi wangu alieleza kwamba hicho ndicho kiwango cha juu cha maji ya bwawa, kikipimwa kutoka usawa wa bahari. Ujenzi wa bwawa la Makorongo Matatu ulianza rasmi mwaka wa 1994. Maji yalianza kujazwa mwaka wa 2003, yakafika mita 175 kwa mara ya kwanza mwaka wa 2010. Kila mwaka, kuelekea majira ya mvua, maji hushushwa ili kupatikane nafasi ya kuzuia mafuriko. Kuanzia Septemba hupandishwa tena. Sisi tulipita mwanzoni mwa Oktoba 2013, wakati mto ulipokuwa ukipanda taratibu. Kila kilichokuwa chini ya tarakimu ile, iwe nyumba, shamba, kaburi au soko, kilikuwa kimebomolewa au kuhamishwa. Watu waliohamishwa walizidi milioni 1.2.

Siku ya tatu tulifika Fengjie. Mji ninaousema ni mpya. Wa kale uko majini. Mbele yake kuna Baidicheng, ngome ya kale iliyokuwa juu ya kilima na ambayo sasa ni kisiwa. Hapa ndipo mshairi Li Bai alipoanzia safari ya mtumbwi mwaka wa 759 baada ya kusamehewa adhabu ya uhamisho, akatunga shairi ambalo kila mtoto wa Kichina hulijua kwa moyo. Na ni katika mji huu ambapo Du Fu, mshairi mwingine mashuhuri, aliishi kuanzia mwaka wa 766 hadi 768 akiwa mgonjwa na mkimbizi wa vita, akatunga mashairi zaidi ya 400. Mbele ya kisiwa hicho ndipo lilipo lango la Qutang. Magenge mawili yanakabiliana kama madume wawili wa ng'ombe, na maji yanapita katikati. Picha yake imechapishwa nyuma ya noti ya yuan 10. Wasafiri wote walizitoa noti zao, wakazinyanyua juu na kulinganisha. Hata mimi nilifanya hivyo.

Wakati sisi tukilinganisha noti na milima, mzee mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa sitaha, akiupa mgongo mwonekano uliowaleta wengine wote. Alikuwa akiyatazama maji matupu mbele ya mji mpya. Mwanafunzi wangu alimwendea kwa adabu, akamwita "yeye". Nilishtuka kidogo, nikidhani ananitajia kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Baadaye nilijulishwa kwamba ndivyo Wachina wanavyomwita babu, na ndivyo kijana humwita mzee yeyote wa rika hilo. Mzee alitabasamu. Alisema kwamba alizaliwa katika mji wa kale wa Fengjie, akahamishiwa mkoa wa mbali pamoja na watoto wake, na kwamba hii ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi. Kisha akanyoosha kidole kwenye maji na kusema maneno machache.

Mwanafunzi wangu alinigeukia, akafungua kinywa, akakifunga. "Mwalimu," akasema hatimaye, "nina tatizo la njeo."

Nilimuuliza tatizo gani.

"Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Sijui nikuambie 'nyumbani kwetu *ni* pale' au 'nyumbani kwetu *kulikuwa* pale'. Kwa Kiswahili lazima nichague."

Nilimwambia asichague kwa niaba ya mzee, amuulize. Kijana akamuuliza. Mzee alionekana kutolielewa swali. Alimtazama kijana, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole tena na kuyarudia maneno yale yale, polepole zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Amesema vilevile," akaniambia mwanafunzi wangu.

"Basi ni *ni*," nikamjibu. Sikuweza kuongeza neno.

Mpenzi msomaji, sasa niyaseme yale niliyoahidi kuyaungama. Katika mto Tana kuna mabwawa matano ya kuzalisha umeme yaliyopangana: Kindaruma lililokamilika mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita *susu*, aliolewa na kuzalia watoto wake mahali ambapo sasa pamefunikwa na mojawapo ya mabwawa hayo. Nilipozaliwa, ukoo ulikuwa umekwisha kuhamia juu, kwenye ardhi ya mawe. Jioni nyingi, nilipokwenda kwake wakati wa likizo, susu aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba, akalitazama bwawa lililometameta kule bondeni na kusema, huku akielekeza kwa kidevu, "Kwetu ni pale." Nasi wajukuu tulicheka. Nakumbuka nilivyomsahihisha nikiwa darasa la saba: "Si 'ni', susu. *Palikuwa*. Sasa ni maji." Alinitazama kama mzee yule wa Fengjie alivyotutazama.

Kosa la mtoto husamehewa. Kubwa ni lile lililofuata. Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya nyanjani katika somo la fasihi simulizi. Tulitakiwa tukusanye nyimbo za kazi. Nilijaza kinasa sauti betri mpya, nikapanda matatu na kwenda wilaya nyingine, kwa watu nisiowajua, kwa kuwa niliamini kwamba utafiti hufanywa mbali. Nilikusanya nyimbo 9, nikazipanga katika makundi: wawe, hodiya, kimai. Nilituzwa alama nzuri. Susu, aliyeimba kila asubuhi akitwanga, aliyejua nyimbo walizoimba wanawake wakivuka mto na wanaume wakichimba mitaro ya maji mashambani, hakuwahi kuulizwa. Alifariki mwaka wa 2009. Sina hata dakika moja ya sauti yake.

Tulipoingia korongo la Wu, lenye urefu wa kilomita 45 hivi, ukungu ulishuka kwenye vilele. Kipaza sauti cha meli kilituelekeza kukitazama kilele cha Mungu wa Kike, ambacho hadithi husema ni binti aliyegeuka jiwe baada ya kuwaongoza mabaharia. Ni uzuri ambao kalamu yangu haina haja ya kushindana nao. Magenge yanapanda wima mamia ya mita, yamefunikwa vichaka mahali ambapo hata mbuzi angeogopa, na maji chini yake yametulia kama ya ziwa. Utulivu huo si wa asili. Zamani mikondo ya hapa iliviunja vyombo, na meli zilizopanda mto zilivutwa kwa kamba za mianzi na wanaume waliotembea kwenye vijia vilivyochongwa katika mwamba. Kamba hizo zilisugua mawe hadi zikaacha alama za kina. Vijia vingi na alama nyingi sasa viko chini ya maji.

Wavutaji hao walikuwa na nyimbo. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia, na hatua zote zikaangukia kwenye kiitikio. Mwaka wa 2006 serikali ya Uchina iliziorodhesha nyimbo hizo miongoni mwa turathi za taifa zisizoshikika. Mwanafunzi wangu alipomuuliza mzee kama anazijua, alisema baba yake alikuwa mvutaji. Kisha, bila kuombwa mara ya pili, akaimba. Sauti yake ilikuwa imekwaruza na pumzi haikutosha, lakini niliutambua mwito, nikalitambua pengo alilowaachia waitikiaji ambao hawakuwapo. Kilikuwa kimai kwa kila kigezo nilichofundishwa. Nilimgeukia mwanafunzi wangu nimwambie atoe simu. Alikuwa amekwisha kuitoa. Alikuwa ameishika chini kidogo ili isimsumbue mzee, na taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa ikiwaka. Nilimfundisha kijana yule Kiswahili kwa mwaka mzima. Siku ile alinifundisha kazi yangu.

Usiku tulipita kwenye bwawa lenyewe. Meli huteremshwa kwa malango ya ngazi tano: inaingia katika chumba cha saruji, lango linafungwa nyuma, maji yanapungua na meli inashuka nayo, kisha lango la mbele linafunguliwa kuingia chumba kinachofuata. Kwa jumla tulishuka zaidi ya mita 100, na kazi hiyo ilichukua saa kadhaa. Wengi walienda kulala. Mimi nilibaki sitahani, nikiziangalia kuta zilizolowa maji zikirefuka juu yetu.

Asubuhi tuliongozwa kulitazama bwawa kutoka ukingoni. Urefu wake ni kama kilomita 2.3. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 22,500, kiasi kinachozidi mara kadhaa uwezo wa mitambo yote ya umeme nchini Kenya. Nisingependa msomaji adhani kwamba nayatukana mabwawa. Mafuriko ya Yangtze ya miaka ya 1931, 1954 na 1998 yaliangamiza watu wengi, na kuyapunguza makali ni jambo la kushukuriwa. Hata taa niliyoisomea nikiwa bwenini ilikuwa ikiwashwa na maji yaliyokifunika kiambo cha susu. Nilinufaika. Ndiyo maana nilikuwa na deni, na deni hilo halikuwa la serikali wala la wahandisi. Wachina waliwahi kuchora ramani za Fengjie, wakahamisha baadhi ya mahekalu tofali kwa tofali, na wakajenga makumbusho chini ya maji kwa ajili ya samaki wa mawe. Mimi nilikuwa na kinasa sauti na betri mpya, nikaenda wilaya nyingine.

Niliagana na mzee kwenye gati. Nilimwita "yeye", akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Niliporejea nyumbani mwaka wa 2014 sikungoja wiki iishe. Nilikwenda kwa dada mdogo wa susu, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka themanini, nikaketi naye kwenye mteremko unaoelekea bwawa. Nyimbo alikuwa amezisahau nyingi. Alikumbuka vipande vitatu, kimoja kikiwa kiitikio tu. Lakini majina ya mahali hakuyasahau. Alinitajia kivuko, kisima, mkuyu waliokuwa wakikutania, mwamba wa kuanikia mtama, kona ambapo mamba alimnyakua ndama. Kwa siku mbili niliandika majina 34 ya mahali ambapo mtu hawezi tena kusimama. Kila alipotaja moja alielekeza kwenye maji na kusema *ni* pale. Sikumsahihisha. Niliandika kama alivyosema.

Kumbukumbu hizo sasa zimo katika maktaba ya idara yetu, pamoja na kanda. Ni chache mno. Nazitaja ili wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda nyanjani muhula ujao, ambaye pengine umekwisha kulipa nauli ya kwenda mbali, uanze kwa kumuuliza nyanya yako anaimba nini anapotwanga. Mpigie simu leo jioni. Na akikuambia kwamba kwao ni mahali ambapo wewe waona maji matupu, usimrekebishe njeo.